Mkanda wa Muda na Nyuzi 90: Lugha ya Injini Mikononi mwa Mfasiri

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu orodha za istilahi, zikiwa zimepangwa kwa alfabeti na kupigwa muhuri wa usanifu. Safari hii hatuleti orodha. Twaleta uchambuzi wa kurasa sita za tafsiri zilizofikishwa kwetu ili zipitiwe kabla ya kubandikwa ukutani katika karakana moja inayotengeneza magari ya ofisi za umma. Kurasa hizo zaeleza kazi mbili ambazo mafundi wengi huzifanya kwa pamoja: kubadilisha gasketi ya hedi na kubadilisha mkanda wa taimingi. Injini inayohusika ni ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, aina ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo imo katika magari mengi ya Land Cruiser yaliyokwisha kuzeeka katika utumishi wa umma. Kazi hizo mbili huenda pamoja kwa sababu iliyo wazi: hedi haitoki mpaka mkanda uondolewe kwanza, na mtu aliyekwisha kufika huko ndani haoni faida ya kurudisha mkanda uliochoka.

Mfasiri hatumtaji, wala hapana haja. Kiswahili chake ni safi. Upatanisho wa kisarufi haukukosewa popote, sentensi zake ni fupi, na mwalimu wa lugha angempa alama za juu. Walakini tulipozipeleka kurasa hizo karakanani na kuzisoma kwa sauti mbele ya fundi mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, mara tatu alituomba turudie, na mara ya nne aliuliza, kwa adabu, kama gari linalosemwa ni hilihili lililoinuliwa mbele yetu. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachohatarishwa. Vijana wengi wanaoshika spana katika karakana zetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na huenda hawakuendelea mbali baada ya hapo. Ilhali miongozo ya watengenezaji wa magari huwafikia kwa Kiingereza, kama inawafikia kabisa. Kwa hiyo karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani si pambo la sera ya lugha. Kwa kijana huyo ni mwongozo wenyewe. Neno likipotoka, hakuna mhariri wa kulisahihisha baadaye, hupotoka chuma. Tafsiri ya riwaya ikiwa mbaya msomaji huiweka chini akatafuta kitabu kingine, lakini fundi hawezi kuiweka chini injini iliyokwisha kufunguliwa.

Tuanze na neno lililotushtua kuliko yote. Ndani ya injini kuna shafti mbili zinazohusika hapa. Ya chini, krankishafti, huzungushwa na pistoni. Ya juu, kamshafti, ndiyo inayofungua valvu. Ya chini ikizunguka mara 2, ya juu huzunguka mara 1, wala uwiano huo hauruhusiwi kukosewa hata kwa jino moja. Kinachoziunganisha katika injini hii ni mkanda wa mpira wenye meno, ambao pia huizungusha pampu inayosukuma dizeli. Mkanda huo ukikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama papo hapo huku baadhi ya valvu zikiwa wazi, na pistoni, ambazo bado zina kasi, huzipiga. Valvu hupinda, na mara nyingine haziwi valvu peke yake.

Mkanda huu mfasiri ameuita ‘mkanda wa muda’. Twaelewa alikotokea: alikuta neno la Kiingereza lenye maana ya kupanga wakati, akafungua kamusi, akatoka na ‘muda’. Kila neno peke yake ni sahihi. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyatwaa maneno ‘wa muda’ na kuyapa kazi nyingine, na kazi hiyo watumishi wa serikali waijua kuliko watu wote. Mtumishi wa muda ni yule asiye wa kudumu. Kibali cha muda hungoja kibali kamili. Daraja la muda huwekwa mto ukisha kubomoa lile la zege. Sasa basi, karatasi iliyo ukutani ikiagiza kwamba mkanda wa muda lazima ubadilishwe, msomaji ataelewa nini? Tulimwuliza kijana mmoja anayejifunza kazi hapo. Alijibu bila kusita kwamba mkanda wa muda ni ule wa kuazima, unaofungwa gari lipate kufika mjini mpaka wa kudumu upatikane. Hakukosea kusoma. Alisoma Kiswahili kama kilivyo.

Wapo wanaoandika ‘ukanda wa muda’, na tafsiri zinazofanywa na kompyuta siku hizi hupenda sana njia hiyo. Huko mambo huharibika zaidi, kwa maana mwalimu wa jiografia akisikia ukanda wa muda hukumbuka Greenwich, na tofauti ya saa baina ya Dar es Salaam na London.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Kabla ya kwenda karakanani tulikuwa tumekwisha kuandaa jibu, na tulikuwa tumelipenda. Tulitaka kupendekeza ‘mkanda wa majira’. Majira ni neno la kale na lenye heshima. Mabaharia walilitumia kwa njia ya chombo baharini, na wazee waliposema saa inakwenda majira walimaanisha kwamba haitangulii wala haichelewi. Ni maana gani nyingine inayokaribia zaidi kazi ya mkanda ule? Shafti ya juu na ya chini zinapaswa kwenda majira, basi. Tulimweleza fundi hayo yote, na pengine tulieleza kwa kirefu kuliko ilivyotakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Majira ya mvua au ya kiangazi, mwalimu?”

Wenzake walicheka, nasi tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Maana ile ya saa imekwisha kufifia katika masikio ya watu wengi; iliyobaki hai ni ya misimu ya mwaka. Neno linaloishi katika kamusi peke yake huhitaji mwalimu wa kusimama kando yake kila linapotamkwa, na karatasi ya ukutani haina mwalimu. Wakati huohuo mafundi wanalo lao, ‘taimingi’, na ni kosa kulihesabu kuwa ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Limekwisha kuzaa. Husemwa kuweka taimingi, taimingi imeruka, taimingi imepotea. Nalo hutaja hali ya injini nzima, wala si mkanda tu. Neno lililofika hapo limekwisha kupata uraia. Kwa maoni yetu iandikwe ‘mkanda wa taimingi’, kwa kuwa mkanda wa feni umekwisha kueleweka na watu hawatapata shida kujua kwamba huu ni ndugu yake mwenye meno. Anayetaka kusema ‘belti’ aseme, hakuna kitakachoharibika.

Katika ukurasa huohuo limo kosa dogo lenye madhara makubwa. Mbele ya dereva, katika magari mengi ya aina hii, kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Mfasiri ameiita ‘taa ya hitilafu ya mkanda’. Taa hiyo haijui hitilafu. Huhesabu kilomita tu, na huwaka umbali uliowekwa na mtengenezaji unapotimia, kwa kawaida kilomita 100,000, ingawa matoleo hutofautiana. Mkanda unaweza kukatika kabla yake, na taa isiseme neno. Dereva aliyefundishwa kwamba ni taa ya hitilafu ataamini kwamba isipowaka hapana hitilafu, naye atakuwa amedanganywa na tafsiri, si na gari. Iitwe ‘taa ya kukumbusha mkanda wa taimingi’, na herufi zenyewe za T-BELT zinakiliwe kama zilivyo, kwa sababu ndizo atakazoziona.

Sasa tuje kwenye gasketi, ambako mjadala baina yetu ulikuwa mrefu zaidi, wala hatudai kwamba wote tuliondoka tukiwa na rai moja.

Rasimu yasema ‘kizibo cha kichwa’. Tuliache ‘kichwa’ kwa sasa. Kizibo ni kitu cha kuziba tundu: cha chupa, cha mtungi, cha debe. Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalolazwa kati ya bloku ya silinda na hedi, nalo limejaa matundu ambayo hayaruhusiwi kuzibwa kamwe: matundu makubwa sita ya silinda, matundu ya maji, matundu ya oili, na ya bolti. Kazi yake ni kutenganisha. Moto ubaki kwenye silinda, maji yapite njia yake, na oili yake, wala kimoja kisikutane na kingine. Ingekuwa kizibo injini isingewaka. Na mtu asidhani kwamba tunachezea maneno. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba gasketi iliyogeuzwa upande, au ya injini nyingine iliyofanana nayo, huweza kuziba njia ya maji au ya oili. Fundi mwenye picha ya kizibo akilini hatashtuka kuona tundu limefunikwa, kwa maana ndivyo vizibo vifanyavyo.

Mmoja wetu, aliyekulia pwani, alileta neno zuri: ‘kalafati’. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Mafundi wa majahazi tangu zamani walizuia maji kwa kusukumiza pamba yenye mafuta kati ya mbao, kwa patasi na nyundo. Aidha Waingereza wenyewe walilichukua neno lao la gasketi kutoka baharini: lilikuwa kamba ya kufungia tanga lililokunjwa, kabla ya kuwa kamba ya kusokota inayojazwa kwenye maungio ya mitambo ya mvuke, na hatimaye bamba la kisasa. Kama wao walitoa neno kwenye tanga, nasi kwa nini tusilitoe kwenye ubavu wa jahazi? Na je, hatukufanya hivyo na usukani, ambao ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa gari, na leo hakuna dereva anayekumbuka?

Tulivutiwa, na bado twavutiwa. Walakini usukani ulihama salama kwa sababu kazi haikubadilika: mwenye kuushika huelekeza chombo. Kalafati ni tofauti. Hutiwa baada ya mbao kukaa mahali pake, na hutiwa kutoka nje. Jahazi likivuja hupandishwa pwani, likatiwa kalafati tena penye uvujaji. Gasketi hulazwa kabla ya kufunga, na hushikwa na mbano wa bolti peke yake. Ikiungua hakuna cha kusukumiza kwa nje. Kibaya zaidi, neno la kalafati lingemkaribisha fundi kufanya jambo ambalo tayari ana kishawishi cha kulifanya, nalo ni kupaka gundi ya silikoni kila mahali kwa matumaini. Gasketi ya hedi hulazwa juu ya nyuso zilizosafishwa na kukaushwa, na gundi huwekwa pale tu mwongozo unapoagiza. Istilahi yenye picha nzuri isiyolingana na kazi ni mwalimu mwenye sauti tamu anayefundisha makosa. Tukabaki na ‘gasketi’. Mwenzetu wa pwani ameomba iandikwe kwamba hakuridhika, nasi twaandika.

Neno ‘kichwa’ halituudhi kwa ugeni, la hasha. Latuudhi kwa kuwa lina mwenyewe tayari. Kwa madereva wa malori kichwa ni kile kinachovuta tela, na relini ni injini ya treni. Katika karakana yenye malori, kuagiza ‘ondoa kichwa’ ni kuomba mambo makubwa. Hedi iendelee kuwa hedi.

Na gasketi ikiharibika? Mfasiri kaandika ‘gasketi iliyopulizwa’, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Kipulizwacho kwa Kiswahili ni puto, tarumbeta, au moto wa mkaa. Mafundi husema gasketi imeungua, na maneno yao yanatosha: mtu akiiona imetolewa, ile sehemu nyeusi iliyoliwa na moto kati ya silinda mbili, hatauliza kwa nini. Rasimu yenyewe yaeleza vizuri dalili zake, na hapa twampongeza mfasiri. Oili iliyochanganyika na maji ameifananisha na chai ya maziwa. Mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usiokoma, maji yanayopungua pasipo mvujo kuonekana, vyote vimesemwa kwa lugha ambayo hata dereva asiye fundi ataielewa. Ni ajabu kwamba mtu huyohuyo, alipokuwa akieleza anachokiona kwa macho, aliandika Kiswahili kitamu, na alipofikia jina la chombo akakimbilia kamusi.

Palipo na majina ya vipimo pana hatari iliyojificha zaidi. Gasketi ya injini hii, kama ya dizeli nyingine nyingi, hutengenezwa kwa unene zaidi ya mmoja. Fundi hupima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku inapofika juu kabisa, kisha huchagua unene unaolingana, ili nafasi kati ya pistoni na hedi isiwe ndogo mno wala kubwa mno. Rasimu yaagiza: chagua gasketi ya daraja linalofaa. Daraja! Kwa Kiswahili cha ofisi na cha soko daraja ni ubora. Daraja la kwanza ni bora kuliko la pili. Ndivyo tunavyopanga mabehewa, korosho na watahiniwa. Msimamizi wa ununuzi akipewa karatasi hii atanunua gasketi ya ‘daraja la juu’ kwa nia njema na kwa fedha za umma, naye atakuwa amenunua unene usio wake. Neno ‘unene’ lilikuwa karibu, ni la kila siku, na halikuchukuliwa. Twashuku lilionekana kuwa la kawaida mno kuitwa istilahi.

Tumefika kwenye nyuzi 90. Bolti za hedi haziruhusiwi kukazwa kwa hisia ya mkono. Katika injini hii hukazwa kwanza zote kwa spana yenye kipimo cha nguvu, hatua kwa hatua, kuanzia za katikati kwenda za pembeni. Halafu kila moja huzungushwa robo mzunguko. Halafu robo mzunguko tena. Sababu yake ni kwamba kipimo cha nguvu hudanganywa na msuguano, oili ikizidi au kutu ikibaki, bali pembe haidanganywi: bolti ikizungushwa kiasi kile hunyooka kiasi kinachojulikana, na mbano huwa sawa kila mahali. Rasimu yasema: kaza bolti nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Kisarufi na kihisabati hakuna kosa. Nyuzi ndiyo istilahi ya vipimo vya pembe inayofundishwa shuleni. Lakini karakanani uzi una maana moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni ile mistari iliyochongwa kwenye bolti. Nyuzi zimelika, nyuzi zimejaa uchafu, bolti ya uzi mpana. Fundi alipotusikia tukisoma aliichukua bolti moja mezani, akaigeuza mbele ya macho yake, akasema: “Mwalimu, hii yenyewe haina nyuzi 90.”

Hapo ndipo tuliposikia aibu, maana neno hilo sisi wenyewe tulikuwa tumelipitia mara mbili ofisini na kuliwekea alama ya usahihi. Katika chumba chenye kamusi na viti vya kukalia uzi wa pembe na uzi wa bolti havikutani. Mikononi mwa fundi vimo ndani ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hatupendekezi kuiondoa istilahi ya hisabati. Twapendekeza kwamba penye bolti iandikwe ‘robo mzunguko’, na pia doa la rangi liwekwe kwenye vichwa vya bolti upande mmoja kabla ya kuanza, kama mwongozo wa Kiingereza unavyoshauri, ili jicho lione robo ilipoishia. Maelezo ya doa la rangi yalikuwa yameachwa katika rasimu. Labda kwa kuwa hayakuwa na istilahi yoyote ndani yake.

Mahali hapohapo maneno ‘kwa mpangilio’ yabadilishwe kuwa ‘kwa mfuatano’. Kitu kilichokaa kwa mpangilio kimekaa vizuri; kitu kifanywacho kwa mfuatano kina cha kwanza na cha pili. Bolti zikikazwa vizuri lakini kuanzia pembeni, hedi hufungwa ikiwa na mkazo ndani yake, na katika kufungua ni kinyume, huanzwa pembeni.

Na neno hilo ‘kinyume’ latukumbusha sentensi ya mwisho ya rasimu, ile ambayo miongozo yote ya dunia huimalizia kazi: urudishaji hufanywa kwa kuanzia kilichotolewa mwisho. Mfasiri kaandika ‘sakinisha kinyume na uondoaji’. Kinyume na maagizo ni uasi. Kinyume na sheria ni kosa. ‘Kusakinisha’ nako ni neno la watu wa kompyuta, na kuhamia kwake kwenye pistoni kunahitaji barua ya uhamisho. Mafundi husema kufungua na kufunga. Basi: funga kwa kuanzia ulichofungua mwisho.

Baada ya kusema yote hayo, msomaji aweza kudhani kwamba sisi tumekuwa mawakili wa gereji, na kwamba kila lisemwalo na fundi ni la kuandikwa. Sivyo. Liko neno moja ambalo katika hilo mfasiri alikuwa na haki, na fundi, pamoja na madereva wote wa nchi hii, walikosea. Gari hupata joto, nao husema ‘limechemsha’. Ni neno zuri na la kuonekana: mvuke unapanda, kifuniko kinarushwa, maji yanafoka. Rasimu yasema ‘injini kupata joto kupita kiasi’, maneno matano kwa moja, na fundi alitutaka tuyafute. Tulikataa. Injini inaweza kupata joto la kuiharibu pasipo kuchemsha chochote, kwa sababu ya maji kuwa yamekwisha kutoka. Kipima joto hufanya kazi kikiwa kimezama katika maji. Maji yakiisha, mshale mbele ya dereva huweza kubaki chini, hata kushuka, huku hedi ikipinda. Dereva atafika karakanani akiapa kwamba gari halikuchemsha, naye hasemi uwongo. Neno lake ndilo lisilo na nafasi ya jambo lililotokea. Fundi akilipokea neno hilo kama lilivyo hatapima unyoofu wa hedi, na gasketi mpya italazwa chini ya hedi iliyopinda, nayo itaungua kama ya kwanza. Karatasi iseme joto kupita kiasi, na iongeze kwa herufi kubwa kwamba kutochemsha si ushahidi. Fundi alifikiri kidogo, akakubali, akatueleza juu ya gari alilolitengeneza mara mbili.

Kigezo tulichokitumia katika uchambuzi huu si kama neno ni la Kibantu au la kukopa. Wengi watatulaumu kwa kuacha majira na kalafati tukapokea taimingi na gasketi, na lawama hiyo twaijua, kwa kuwa wengine wetu tumewahi kuitoa. Lakini lugha iliyopokea gari kutoka Kihindi, bomba na parafujo kutoka Kireno, na spana kutoka Kiingereza haiwezi kuanza kuogopa leo. Kigezo chetu kilikuwa hiki: je, neno linatenganisha vitu viwili ambavyo mkono unapaswa kuvitenganisha? Kwa kigezo hicho ‘mkanda wa muda’, ‘daraja’ na ‘nyuzi 90’, ambayo ni maneno ya Kiswahili kitupu, yameanguka; na kwa kigezo hichohicho ‘kuchemsha’, neno zuri kuliko yote, limeanguka pamoja nayo.

Limebaki moja ambalo hatukulimaliza. Ile nguvu ya kuzungusha, inayosomwa kwenye spana yenye kipimo, katika rasimu imeitwa ‘nguvu’ tu, na hilo halitoshi, maana nguvu ileile kwenye spana ndefu na spana fupi haitoi mkazo mmoja. Wenzetu wa fizikia wana ‘momenti’. Gereji zina ‘torki’, japo wengi wa waisemao humaanisha spana yenyewe, wala si kipimo. Kwa sasa karatasi yasomeka ‘kaza kwa spana ya kipimo mpaka namba iliyoandikwa’, ambayo ni sentensi wala si istilahi. Walimu wa ufundi wanaofundisha somo hili kwa Kiswahili, na mafundi wao, watuandikie neno wanalotumia wao, na watueleze pia hueleweka vipi kijana anapolisikia kwa mara ya kwanza.